Maranda ya chuma na mashine ya briketi: kazi ya kutoa hewa na maji kabla ya tanuru

Chukua gunia la lita 100 ulijaze maranda marefu ya chuma, yale yaliyojisokota yanayotoka kwenye mashine ya kukerezea. Litajaa pomoni, litachoma mikono, na bado kijana mmoja atalibeba begani bila taabu, maana uzito wake ni kama kilo 20 hivi. Chuma kizima cha ujazo huohuo kina kilo 785. Kinachojaza gunia ni hewa, pamoja na kiasi fulani cha maji ya kupozea yaliyochanganyika na mafuta. Anayenunua maranda, anayeyatunza na anayeyasafirisha wote wanailipia hewa hiyo, na ndiyo maana wengi wanaoanza biashara hii hudhani mashine ya briketi, ile inayoyabana maranda kuwa madonge magumu, ilibuniwa ili kupunguza nafasi, basi. Nafasi ni faida ya kwanza kuonekana, lakini si kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ziko yadini, lundo linapoanza kupata joto lenyewe, na kwenye mdomo wa tanuru, pale metali uliyoilipia inapogeuka mavi ya chuma badala ya kuyeyuka.

Tuanze na maranda yenyewe, kwa sababu hayafanani. Ukipita kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi kule Nairobi, utakuta fundi mmoja anachonga drami ya breki, mwingine anakereza shafti, wa tatu anasawazisha silinda hedi ya alumini. Drami ya breki ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kinakatika vipande vifupi vyeusi, karibu unga, na mita moja ya ujazo ya unga huo inaweza kupita tani moja. Shafti ni chuma laini kinachotoa nyuzi ndefu za kujiviringisha, na hizo mita ya ujazo mara nyingi haifiki hata kilo 250. Alumini nayo hutoa maranda mepesi sana, kilo 150 hadi 250 kwa mita ya ujazo. Yakishapita kwenye mashine nzuri ya briketi, ya chuma hufika kilo 5,000 na zaidi kwa mita ya ujazo ya briketi, na ya alumini hufika kati ya 2,000 na 2,300. Chuma kizima ni 7,850 na alumini nzima ni 2,700. Kwa hiyo alumini inakaribia kabisa kuwa kitu kizima tena, ilhali chuma hubaki na matundu mengi ndani. Sababu ni kwamba alumini ni laini na hukubali kulala, lakini chuma kigumu kikibanwa hujirudi kidogo kinapoachiliwa.

Mashine yenyewe si ya ajabu. Juu kuna faneli kubwa ya kupokelea maranda. Chini yake kuna parafujo inayoyasukuma na kuyabana kidogo ndani ya kalibu ya chuma kigumu. Kisha pistoni ya haidroliki inashuka kwa nguvu yake yote, inasimama kitambo, lango la kalibu linafunguka, na briketi inasukumwa nje ikiwa na umbo la sahani nene ya mviringo. Maji na mafuta hutoka kwenye mianya ya kalibu wakati wa kubanwa na kuingia kwenye trei iliyo chini. Hakuna gundi wala moto unaotumika.

Nguvu inayohitajika ndiyo inayowashangaza watu. Tuseme unataka briketi yenye kipenyo cha sentimita 10. Uso wake ni sentimita za mraba 78.5. Kubana maranda ya chuma vizuri kunahitaji angalau tani 2 kwa kila sentimita ya mraba, hivyo pistoni lazima isukume kwa tani 157. Jeki ya tani 20 iliyoko karakana nyingi haiwezi kazi hiyo hata kwa mbali. Lakini jeki hiyohiyo ikitumika kwenye kalibu ya kipenyo cha sentimita 4 inatoa tani 1.6 kwa sentimita ya mraba, na kwenye kalibu ya sentimita 6 inatoa 0.7 tu. Ndiyo maana mtu anayejaribu kujitengenezea mashine ndogo hufeli anapotamani briketi kubwa: kipenyo kikiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa huongezeka mara nne. Kwa maranda ya alumini, kalibu nyembamba na jeki ya kawaida vinaweza kutoa kitu kinachoshikamana. Kwa chuma, usijidanganye. Na yeyote anayejaribu akumbuke kwamba kalibu yenye kuta nyembamba inaweza kupasuka na kurusha vipande kama risasi. Asisimame mbele yake.

Kinachoshika briketi bila gundi ni mambo mawili. La kwanza ni kufumana: nyuzi zilizopinda zinaingiliana na kukamatana zinapolazwa. La pili ni kwamba maranda yanaposuguana chini ya mgandamizo, ngozi nyembamba ya oksaidi juu yake hupasuka, metali safi ya hapa ikakutana na metali safi ya pale, zikashikana papo hapo zikiwa baridi. Mafuta mengi huharibu haya yote mawili, kwa kuwa yanatelezesha na kukaa katikati ya nyuso zilizotakiwa kukutana. Maji karibu hayabanwi. Yasipopata pa kutokea, pistoni itayasukuma yenyewe huku maranda yakibaki yamelegea. Kwa hiyo maranda yanayodondosha maji huachwa kwanza yachuruzike kwenye sakafu yenye mteremko, au huzungushwa kwa kasi kwenye mashine inayoyatupa maji pembeni, ndipo yaende kubanwa.

Nyuzi ndefu nazo zina kisa chake. Zinajifunga kama kiota ndani ya faneli, parafujo inazunguka bure, na mhudumu anashawishika kuingiza mkono au nondo ili azisukume. Watu wamepoteza vidole hapo. Dawa yake ni mashine ya kusaga inayokata nyuzi kuwa vipande vifupi kabla ya kubana, na mtu akikuuzia mashine ya briketi bila kukuuliza maranda yako ni mafupi au marefu, huyo hajakusaidia. Dawa ya bei rahisi zaidi iko kwa fundi mwenyewe: akiongeza kasi ya kulisha kisu, au akitumia kisu chenye kingo ya kuvunja maranda, nyuzi zitakatika zikiwa bado kwenye mashine ya kukerezea.

Sasa turudi kwenye nafasi, tuimalize. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo kama 33 na linaruhusiwa kubeba takriban tani 28. Lijaze maranda marefu ya chuma ya kilo 200 kwa mita ya ujazo: utapakia tani 6.6 na mlango hautafungika tena. Jaza briketi badala yake. Hata ukihesabu mapengo kati ya briketi na briketi zinapomwagwa hovyo, mita ya ujazo ya rundo inaweza kubeba kama tani 3, kwa hiyo tani 28 zitachukua mita za ujazo tisa na kitu, yaani zimetandazwa sakafuni kufika urefu wa sentimita 67 tu. Kontena litaonekana tupu, na kumbe limeshafika kikomo cha uzito. Kazi ya makontena manne imefanywa na moja. Hapa kosa linageuka: zamani ulishindwa kujaza uzito, sasa ni rahisi kuuzidisha, na lori lililozidisha uzito litasimamishwa mizani. Wapakiaji waliozoea kuangalia kama kontena limejaa kwa macho lazima waanze kupima.

Yadini kuna jambo jingine. Chuma kinaposhika kutu hutoa joto. Kwenye nondo iliyolala nje joto hilo ni dogo na linapotea hewani. Kwenye lundo la maranda madogo yaliyolowa, uso unaoshika kutu ni mkubwa mno, hewa inapenya ndani, na joto halina njia ya kutokea. Lundo la unga wa chuma cha kusubu linaweza kutoa mvuke asubuhi na kuwa la moto ukilichimba, na kama kuna mafuta ya kutosha linaweza kuanza kuungua pasipo mtu kuwasha kiberiti. Hili si la kinadharia: katika usafirishaji wa kimataifa, maranda ya chuma yanayoweza kujipasha joto yamepewa namba ya bidhaa hatari, UN 2793, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe. Kanuni za shehena za meli zinataka yawe chini ya nyuzijoto 55 kabla ya kupakiwa, na meli haitakiwi kuondoka mpaka joto la shehena liwe chini ya 65 na liwe halipandi kwa muda wa saa 8 mfululizo. Kuna hatari ya pili isiyoonekana. Chuma kinachoshika kutu kwenye chumba kilichofungwa hula oksijeni. Mtu akiingia kwenye ngama ya meli au kontena lililofungwa siku nyingi bila kupitisha hewa kwanza, anaweza kuanguka kabla hajaita. Briketi hupunguza joto la lundo kwa kuwa sehemu kubwa ya uso imefichwa ndani na maji mengi yametolewa, lakini hazikomeshi kabisa kutu. Zihifadhiwe pakavu.

Maranda ya magnesiamu na ya titani ni habari tofauti kabisa. Yakishika moto, kuyamwagia maji ni kuyaongezea nguvu. Yasichanganywe na haya mengine wala yasibanwe kwenye mashine ya kawaida bila mtu anayejua anachofanya.

Tanuruni ndiko briketi inakopata thamani yake kamili, na mfano bora ni alumini. Chukua kipande cha alumini cha sentimita 1 kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Kikereze chote kiwe maranda ya unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na uso unafika kama sentimita za mraba 200. Metali ni ileile, uzito ni uleule, ila uso unaokutana na hewa umezidi mara thelathini. Kila sehemu ya uso huo ina ngozi ya oksaidi, na oksaidi ya alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 2,000 wakati alumini yenyewe inayeyuka kwenye 660. Ukiyamwaga maranda juu ya alumini iliyoyeyuka, hayazami. Yanaelea, mafuta yanawaka juu yake, joto linaifanya ngozi ya oksaidi kuwa nene zaidi, na tone la alumini lililoyeyuka ndani linafungwa humo lisiweze kuungana na wenzake. Msubuji anapokuja kukwangua uchafu wa juu anaondoka na metali nzuri. Hasara inaweza kupita asilimia 10 ya uzito, tena ni uzito ambao tayari ulilipiwa, ukabebwa na kuchomewa mafuta au umeme.

Briketi ya alumini ina uzito wa takriban gramu 2.2 kwa sentimita ya ujazo, na alumini iliyoyeyuka ni kama 2.4. Ina maana kwamba briketi nayo haizami yenyewe moja kwa moja, jambo ambalo wauzaji wa mashine hulipita haraka. Lakini sehemu kubwa ya mwili wake inaingia chini, zaidi ya tisa ya kumi, na kuisukuma ifunikwe kabisa ni kazi ndogo. Ikishafunikwa hewa haiifikii, na inayeyuka kutoka nje kwenda ndani ikiwa imelindwa na metali inayoizunguka. Kwenye tanuru la kusubia lenye kupulizwa hewa kutoka chini faida ni tofauti kidogo: unga wa chuma cha kusubu ukimwagwa mle hupeperushwa na upepo kwenda juu ya bomba au huungua ukiwa njiani, wakati briketi inashuka na mzigo wa vyuma vingine hadi kwenye joto lenyewe.

Lipo onyo hapa ambalo ningependa lisomwe na kila anayesubu sufuria, mapulei au vipuri. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua nafasi ya lita kama 1,700. Maranda yenye unyevu yakianguka juu ya metali iliyoyeyuka hutatarika na kurusha matone, sawasawa na samaki mwenye maji anapotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Briketi yenye unyevu ni mbaya zaidi, kwa sababu inapelekwa chini ya uso. Mvuke ukizaliwa kule chini hauna pa kutokea isipokuwa kwa kuirusha metali yote iliyo juu yake. Kwa hiyo ile sifa inayofanya briketi iwe bora tanuruni, yaani kukaa chini ya uso wa metali, ndiyo inayoifanya iwe hatari ikilowa. Maranda yanayotoka mashineni yanaweza kuwa na asilimia 10 hadi 20 ya majimaji kwa uzito. Mashine nzuri ya briketi huyashusha mpaka karibu asilimia 3. Tatu si sifuri. Briketi ipashwe joto pembeni ya tanuru mpaka ikauke kabisa kabla ya kutumbukizwa, na iliyonyeshewa na mvua ya masika irudi kukaushwa upya hata kama ilikuwa kavu wiki iliyopita, maana matundu yake hunyonya maji.

Majimaji yanayotoka si ya kutupwa. Tani ya maranda yenye asilimia 15 ina kilo 150 za maji ya kupozea. Yakibaki kilo 30 au pungufu ndani ya briketi, zaidi ya lita 100 ziko kwenye trei. Karakana kubwa huyachuja na kuyarudisha mashineni, na maji ya kupozea yana bei. Hata kama hayafai kurudishwa kwa kuwa yameoza au yamechanganyika, angalau yako kwenye pipa moja unakoweza kuyashughulikia. Maranda yanayoachwa kwenye uwanja wa udongo yanadondosha majimaji hayohayo ardhini, mvua ikinyesha yanaingia mtaroni, na anayeishi chini ya mtaro ndiye anayeyapokea. Hili linaniuma kuliko hesabu za kontena, kwa kuwa ni hasara isiyoandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Kitu kimoja mashine ya briketi haiwezi kukifanya ni kutenganisha. Inabana ulichoilisha. Chuma kikiingia kwenye alumini, tanuruni kinayeyukia humo na hakitoki kwa njia rahisi. Kitu kitakachosubiwa kitakuwa kikavu, chepesi kuvunjika. Brasi ikichanganyika na shaba nyekundu, zote mbili zinauzwa kwa bei ya ile ya chini. Kutenganisha kunaanzia chini ya mashine ya kukerezea: fagia kabla ya kubadili kazi, pipa moja kwa metali moja, alama iandikwe juu ya pipa. Baadaye hakuna awezaye kurudisha maranda nyuma. Sumaku inasaidia kutoa chuma kwenye alumini na brasi, lakini usiiamini kwa stenlesi. Kipande kizima cha stenlesi ya aina ya 304, ile yenye kromu asilimia 18 na nikeli 8, kwa kawaida hakishikwi na sumaku, ilhali maranda yake yanaweza kushikwa kidogo kwa sababu kukatwa na kupindwa kumebadilisha mpangilio wa ndani wa chuma. Wapo waliouza stenlesi kwa bei ya chuma cha kawaida kwa kuamini sumaku peke yake.

Mnunuzi naye ana wasiwasi wa haki: briketi inaficha. Ndani kunaweza kuwa na mchanga, maji, au metali ya bei nafuu katikati na ya bei kubwa pembeni. Njia ya kwanza ya kuikagua inahitaji rula na mizani tu. Tuseme briketi ya alumini ina kipenyo cha sentimita 8 na kimo cha 5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 251. Ikiwa na uzito wa gramu 540, kila sentimita ya ujazo ni gramu 2.15, yaani asilimia 80 ya alumini nzima, na hiyo ni briketi nzuri. Ikiwa na gramu 380 tu, imebanwa kwa nguvu haba na itamomonyoka njiani. Ikiwa na gramu 700, uzito umepita alumini nzima yenyewe, na ndani kuna kitu ambacho si alumini. Baada ya hapo chagua chache bila mpangilio, zipasue kwa nyundo na patasi, ziangalie katikati, kisha zipime kabla na baada ya kuzikausha ili ujue unalipia maji kiasi gani.

Kuficha huku kunagusa pia sheria. Nchini Kenya ipo Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Ilifunguliwa tena miezi michache baadaye. Maranda ya kukerezea yana bahati ya kuwa na asili inayojulikana, kwa maana hakuna anayeiba mnara wa umeme akaupitishe kwenye mashine ya kukerezea. Lakini bahati hiyo inadumu ikiwa kila mzigo una karatasi inayoonyesha ulitoka karakana gani. Bila karatasi, briketi ni donge la metali lisilo na kwao.

Swali la mwisho ni nani anunue mashine. Karakana yenye mashine moja au mbili za kukerezea, inayotoa magunia machache kwa wiki ya metali tatu tofauti, haina sababu. Mashine itakaa bila kazi, na kila inapobadilishwa metali lazima faneli na kalibu visafishwe. Mahali pake ni kwa mkusanyaji anayepokea kutoka karakana nyingi, au kiwanda kinachotoa metali moja siku nzima, au msubuji mwenyewe. Mkusanyaji akiwa karibu na karakana, hewa haisafiri mbali. Akiwa mbali, safari ya kwanza ya magunia mepesi inaweza kumeza faida yote iliyopatikana kwenye safari ya pili. Kwa hiyo anayepiga hesabu asianze na bei ya mashine. Apime kwa mwezi mzima anapata kilo ngapi za kila metali, zenye majimaji kiasi gani, fupi au ndefu, kisha akamuulize msubuji atamwongezea shilingi ngapi kwa kilo kwa briketi kavu isiyochanganywa.